Ndayisaba: Jina la Ukoo Lisilo na Ukoo

Miongoni mwa majina ya ukoo yanayoonekana kwa nadra katika orodha za wanafunzi wa vyuo vyetu, limo moja ambalo nimekuwa nikilifuatilia kwa miaka kadhaa: Ndaisaba, ambalo wengine huliandika Ndayisaba. Watanzania wengi walilisikia kwa mara ya kwanza bungeni, kwa kuwa mbunge wa Ngara aliyechaguliwa mwaka 2020 ni Ndaisaba George Ruhoro. Nje ya Ngara na baadhi ya maeneo ya Kigoma, mtu aweza kumaliza maisha yake bila kukutana na mwenye jina hilo. Lakini vuka mpaka pale Kabanga uingie Burundi, au pale Rusumo uingie Rwanda, nawe utawakuta akina Ndayisaba katika kila tarafa. Fidèle Ndayisaba, kwa mfano, alikuwa meya wa Kigali.

Hapo ndipo penye shida inayonifanya niandike. Jina lililo nadra upande huu na la kawaida upande ule huhesabiwa na wengi wetu, wakiwamo watumishi wa umma wenye nia njema kabisa, kuwa ni ushahidi wa mahali mtu alikotoka. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kanazi wilayani Ngara, aliwahi kurudishwa mara tatu katika ofisi moja ya serikali alete uthibitisho ambao mwenzake aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mwenye jina la Kisukuma, hakuombwa. Hakuna aliyemtukana. Aliambiwa tu, kwa upole, kwamba jina lake "linahitaji maelezo."

Basi na tulipe maelezo.

Tuanze na sarufi, maana jina hili ni sentensi nzima. Kihangaza na Kishubi, lugha za wenyeji wa Ngara, ni ndugu wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Wanaisimu huziweka zote katika kundi moja. Katika lugha hizi kitenzi cha kuomba ni *gusaba*. (Wale wanaodhani jina lina uhusiano na namba saba wameghafilika, mtoto wa saba huko huitwa Nyandwi.) Sehemu ya mwanzo, *nda-*, ni muungano wa *n-* ya nafsi ya kwanza na *-ra-* ya wakati uliopo. Mabadiliko hayo ya sauti si mageni kwa msemaji wa Kiswahili: ndiyo yale yale yanayogeuza *ulimi* kuwa *ndimi*, na *-refu* kuwa *ndefu* tunaposema nyumba ndefu. Linabaki *-yi-*, na hapo ndipo uzuri wa jina ulipo. Hicho ni kiambishi cha mtendwa cha ngeli ambayo sisi tungeiita I-ZI. Ni kama mtu amesema "ninaiomba."

Anaiomba nini? Jina halisemi, wala halihitaji kusema. Katika lugha hizi Mungu huitwa Imana, na neno hilo halimo katika ngeli ya watu. Limo katika ngeli moja na *inka*, yaani ng'ombe. Kila msikilizaji anajua kwamba anayeombwa ni Imana. Ndayisaba maana yake ni "ninamwomba Mungu," na Mungu mwenyewe amefichwa ndani ya silabi moja.

Ukishalielewa jina hili, mlango wa majina mengine unafunguka. Ndayizeye, jina la rais wa Burundi kuanzia 2003 hadi 2005, ni "nimemtumaini." Ndayishimiye, jina la Rais wa sasa wa nchi hiyo, ni "ninamshukuru." Wapenzi wa soka watamkumbuka Etienne Ndayiragije aliyeifundisha Taifa Stars, jina lake linatokana na kuchunga mifugo. *Kuragiza* ni kumpa mtu ng'ombe wako akuchungie, na Ndayiragije ni "nimemkabidhi Mungu," kama mfugaji amkabidhivyo jirani anayemwamini kundi lake. Si majina yote ni ya sala, hata hivyo. Saido Ntibazonkiza, aliyezichezea Yanga, Geita Gold na Simba, ana jina lisemalo "hawataniokoa." Nani hao? Majirani, ndugu, pengine wakwe. Majina ya namna hii ni barua ya wazi inayowekwa kwenye paji la mtoto ili walengwa waisome kila anapoitwa.

Sasa linganisha na majirani wa kaskazini. Katika Kihaya na Kinyankole yapo majina yenye muundo na imani ile ile. Tumwesigye ni "tumemtumaini," na hapa pia Mungu hakutajwa. Tofauti ni kwamba kiambishi chake ni *-mw-*, cha ngeli ya watu, kwa sababu huko Mungu ni Ruhanga. Sala ni ile ile, utamaduni wa kufanya sala kuwa jina ni ule ule. Kilichobadilika ni ngeli. Mpaka wa kweli wa lugha unaopita katika Mkoa wa Kagera ni huu, kati ya *-yi-* na *-mw-*, nao haufuati mpaka wa nchi yoyote. Wilaya ya Ngara yote iko upande wa *-yi-*.

Wapo watakaosema majina haya yaliletwa na wamisionari. Hapana. Imana lilikuwapo kabla yao, na historia ina kejeli yake: wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki huko Rwanda na Burundi walipendelea kulitumia neno la Kiswahili "Mungu," wakiogopa kwamba Imana limebeba imani za kale. Baadaye ndipo Imana likakubaliwa makanisani. Ukristo, naamini, uliongeza idadi ya majina haya, lakini haukuyabuni. Philippe Ntahombaye, msomi wa Burundi aliyetoa kitabu kizima juu ya majina ya nchi yake mwaka 1983, ameonyesha jinsi jina la Kirundi linavyobeba mazingira ya kuzaliwa, hofu za wazazi na uhusiano wao na wale wanaowazunguka.

Jambo ambalo maofisa wetu wengi hawalijui, na wanafunzi wangu hushangaa wanaposikia, ni hili: huko ambako Ndayisaba ni jina la kawaida, si jina la ukoo. Katika desturi ya Burundi na Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba yake Rais Pierre Nkurunziza aliitwa Eustache Ngabisha. Nkurunziza, yaani "habari njema," lilikuwa la mwana peke yake. Halikutoka kwa baba. Kwa hiyo akina Ndayisaba mia moja wa Gitega hawana babu mmoja, na yaelekea hawana udugu wowote. Ni watoto mia moja ambao wazazi wao, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sababu yake, walikuwa wanaomba. Ukoo wapo nao, lakini ukoo una jina lake la pembeni ambalo haliandikwi kwenye cheti.

Ndayisaba limekuwa jina la ukoo huku kwetu, na lililoligeuza ni fomu.

Serikali ya kikoloni, na baadaye serikali yetu, zilitaka mtu awe na jina lake, la baba yake na la babu yake, au la ukoo. Fomu ina visanduku vitatu na lazima vijazwe. Familia isiyokuwa na desturi ya jina la kurithi iliingiza katika kisanduku cha mwisho jina binafsi la mzee aliyekuwapo wakati karani alipouliza. Kizazi kilichofuata hakikuthubutu kulibadilisha, kwa kuwa vyeti vya shule vilikwisha kutoka. Ndivyo sala ya mama mmoja ilivyogeuka kuwa jina la ukoo wa watu arobaini.

Wala jambo hili si la Ngara pekee. Burito wa Wazanaki alikuwa na mwana aliyeitwa Nyerere, kwa sababu alizaliwa wakati wa uvamizi wa viwavi waitwao hivyo. Nyerere akamzaa Kambarage. Shule na ubatizo vikamfanya Julius Kambarage Nyerere, na leo wajukuu wanaitwa Nyerere bila kuzaliwa msimu wa viwavi. Ulaya nako mambo yalikuwa hivyo hivyo hadi juzi tu. Mwanalugha mkubwa wa Waserbia, Vuk Stefanović Karadžić, ana jina la katikati lisemalo tu kwamba ni mwana wa Stefan. Katika nchi yake jina la pili lilibadilika kila kizazi mpaka serikali ilipoagiza, katikati ya karne ya 19, kwamba majina yakae mahali pamoja. Uturuki ilipitisha sheria ya majina ya ukoo mwaka 1934, na Mustafa Kemal akapewa la kwake, Atatürk. Waiceland hadi sasa wengi wao hawana. Jina la ukoo, popote lilipo, ni matokeo ya mkutano kati ya familia na daftari la serikali. Kodi, jeshi, shule na mirathi ndivyo vilivyolidai.

Mwaka huo huo wa 1934 Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mjini London mkataba wa mpaka kati ya Tanganyika na Ruanda-Urundi. Ili tuelewe mtawanyiko wa jina hili, lazima tuutazame mpaka huo.

Chini ya Wajerumani nchi zote tatu zilikuwa koloni moja. Bugufi, yaani eneo la Ngara lililo magharibi ya mto Ruvubu, lilihesabiwa kuwa ndani ya himaya ya mwami wa Urundi. Bushubi, mashariki ya mto, ilikuwa na utawala wake. Biharamulo ilikuwa Rusubi, chini ya watawala wa Kihinda. Ubelgiji iliyateka maeneo haya mwaka 1916, na tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner kwa upande wa Uingereza na Pierre Orts kwa upande wa Ubelgiji wakakubaliana jinsi ya kugawana. Waingereza walitaka njia ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo, na kwa ajili ya ndoto hiyo wakapewa hata Gisaka, mashariki ya Rwanda. Kelele zilipigwa na mfalme wa Rwanda, na wamisionari, na Wabelgiji wenyewe, hadi mwaka 1923 ikaamuliwa Gisaka irudishwe Rwanda. Bugufi haikurudishwa. Reli haikujengwa kamwe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mwami Mwambutsa wa Urundi alilifikisha suala la Bugufi kwenye Umoja wa Mataifa, na hakupata kitu.

Tazama ramani. Mto Ruvubu unatoka Burundi, unapita Ngara na kukutana na Kagera karibu na Rusumo. Ungeweza kuwa mpaka wa asili, lakini mstari uliwekwa magharibi yake. Wahangaza wa Bugufi hawakuhamia Tanganyika. Tanganyika ndiyo iliyowafuata walipo, pamoja na mashamba yao ya migomba, makaburi yao na majina yao. Kijana wa Kanazi anayeitwa Ndaisaba anatumia lugha ya babu zake, kwenye ardhi ya babu zake, ndani ya nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na ardhi hiyo ndani yake. Kumwambia kwamba jina lake ni la kigeni ni sawa na kumwambia Mmakonde wa Newala kwamba ni Mmsumbiji, au Mmasai wa Longido kwamba ni Mkenya. Wamasai, nakiri, huulizwa kidogo zaidi. Sijui kama ni kwa sababu ya mavazi.

Nimekaa Kanazi mara kadhaa nikikusanya majina, kwa daftari na kalamu, na simulizi moja ya huko naona inafaa. Bibi mmoja mzee alinieleza asili ya jina la familia aliyoolewa. Mama mkwe wake alikuwa amezika watoto wawili. Wa tatu alipozaliwa akiwa dhaifu, mama yule alisema hana la kufanya isipokuwa kumwomba Mungu, na hilo likawa jina la mtoto. Aliishi miaka themanini. "Wanawe wote alituachia tuwape majina wenyewe, mwalimu," bibi aliniambia. "Mmoja Nyandwi, mmoja Bukuru na pacha wake Butoyi. Sasa wajukuu wote ni Ndaisaba. Shuleni wanaitwa wote mara moja kama mbuzi." Nilimuuliza kama *y* ilikuwapo zamani. Hakujua kusoma, lakini alilitamka mara mbili polepole, na *y* ilisikika wazi.

Herufi hiyo ndogo ina habari ndefu. Upande wa Burundi na Rwanda tahajia ilisimamiwa na kanisa na shule zilizofundisha kwa lugha yenyewe, kwa hiyo *-yi-* huandikwa. Huku kwetu karani na mwalimu waliandika kwa sikio la Kiswahili, na *ayi* ikawa *ai*. Kwa hiyo tahajia ya Ndaisaba kwa kawaida ni alama ya mtu aliyeandikishwa shule za Tanzania kwa vizazi viwili au vitatu. Ajabu ni kwamba anayelitilia jina shaka hutazama maana na sauti yake, asiione tahajia, ambayo ndiyo yenye kusema jambo lolote kuhusu nchi. Hata hivyo siishauri ofisi yoyote iifanye tahajia kuwa kipimo. Wapo raia halali wanaoandika *y*, hasa waliobatizwa na mapadri waliojua Kirundi, na wapo wakimbizi walioandikishwa kambini na makarani wetu bila *y*.

Kwa maana wakimbizi nao ni sehemu ya historia ya jina hili, na si haki kuwaficha ili kuirahisishia Ngara hoja yake. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na jina likafika Tabora na Katavi. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja, na Benaco, mahali palipojulikana kwa kambi ya wajenzi wa barabara, pakawa kama jiji. Wengi wao walirudishwa Desemba 1996. Wapo waliobaki, wapo waliooa, wapo waliojificha. Kuanzia mwaka 2014 Warundi wa 1972 wapatao 162,000 walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania, jambo ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Katika hao bila shaka wamo akina Ndayisaba, na ni Watanzania sawasawa na mimi.

Ndiyo kusema jina hili leo linabebwa na Mhangaza ambaye ukoo wake haukuhama kamwe, Muha wa Kibondo, Mrundi aliyepewa tajinisi, mkimbizi wa Nyarugusu, na mhamiaji asiye na kibali aliyeingia jana kulima mahindi. Jina haliwatenganishi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inautambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajinisi. Haina kifungu kinachotaja jina.

Lakini sheria ni kitu kimoja na operesheni ni kingine. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Dola ina haki ya kulinda mipaka yake, na ujambazi uliokuwa ukiwasumbua wananchi wa barabara ya Biharamulo hadi Ngara haukuwa wa kubuni. Malalamiko ya waliodai kuwa ni raia waliosombwa pamoja na wageni nayo hayakuwa ya kubuni. Afisa aliyetoka mkoa wa mbali, asiyejua Kihangaza wala Kirundi, akitakiwa kuamua kwa dakika chache, atashika nini mkononi? Atashika jina, lafudhi na urefu wa pua. Hapo ndipo wazee wa kijiji, daftari za ubatizo za parokia na orodha za shule za msingi zilipaswa kutangulia, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyojua nani alizaliwa wapi.

Matokeo yake nayaona darasani. Vijana wa Ngara wanaacha majina ya babu zao. Wengine huweka jina la ubatizo la baba katika kisanduku cha mwisho, wakawa akina Yohana na akina Daudi, majina ambayo, tukiyapima kwa kipimo kile kile, yangewapeleka Palestina. Mwanafunzi niliyemtaja alinishauri kwa utani nisiandike makala hii, kwa kuwa sasa kila afisa atajua maana ya *-yi-*.

Jina limeendelea kusafiri. Kuanzia mwaka 2007 familia za Warundi wa 1972 zilipelekwa kuishi Marekani, na huko nako zikakutana na fomu: baba Ndayisaba, mama na watoto wanne, kila mmoja na jina lake, mbele ya mwalimu mkuu asiyeelewa kwa nini familia moja ina majina sita. Suluhisho ni lile lile la Ngara, watoto wanaozaliwa huko huandikwa kwa jina la baba.

Kanazi kwenyewe mtindo wa sasa ni majina ya Kiswahili: Baraka, Shukuru, Tumaini. Ni sala zile zile katika lugha ambayo haihojiwi dirishani. Mwezi ule nilipokuwa huko, kitukuu wa yule mzee aliyeishi miaka themanini alikuwa amezaliwa na kuandikishwa Ombeni Ndaisaba. Nilimfafanulia yule bibi kwamba kwa jinsi lilivyoandikwa, jina la mtoto linasema jambo moja mara mbili. Akasema anajua, ndiyo sababu walilichagua.